Hewa isiyo na mwenyewe: kisa cha hita mbili na sakafu mbichi

Nilipofika saiti asubuhi ile, hita zote mbili zilikuwa zimezimwa na nailoni ya upande wa mashariki ilikuwa imechanwa kwa kisu kutoka juu hadi chini. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka utakavyo. Watu wawili walioachwa usiku kuilinda sakafu isigande walikuwa hospitali, barakoa za oksijeni usoni.

Kibali cha kuwasha hita hizo nilikitia sahihi mimi, saa 9 alasiri ya siku iliyotangulia.

Kampuni na mradi sivitaji. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu nilikaa nacho wiki mbili, nikimhoji mmoja baada ya mwingine, nikitafuta ni nani aliyefanya uzembe. Sikumpata. Niliwapata watu wanne, kila mmoja alifanya jambo la maana kwa pale alipokuwa amesimama, na mambo hayo manne yalipojumlishwa yakawa chumba kisicho na hewa.

Usiku wenyewe

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili: urefu mita 15, upana mita 12, kimo mita 3. Madirisha yalikuwa bado, ni matundu tu, yameezekwa nailoni nzito iliyopigiliwa kwenye mbao. Zege la sakafu lilimwagwa mchana, na usiku baridi ilitarajiwa kushuka chini ya nyuzi sifuri. Kwa wasiowahi kufanya kazi kwenye baridi ya namna hiyo: zege changa likiganda kabla halijapata nguvu kidogo, maji yaliyomo ndani yanageuka barafu, yanapanuka na kulivunjavunja kwa ndani. Kiwango kinachotumiwa sana ni kwamba lisiruhusiwe kuganda mpaka lifike nguvu ya megapaskali 3.5 hivi. Likiganda kabla ya hapo, hata likija kuyeyuka haliwi tena zege ulilolikusudia. Kwa hiyo joto lilikuwa la lazima, na mpaka leo sina ugomvi na uamuzi wa kupasha chumba kile.

Hita zenyewe zilikuwa za gesi ya propani, zile zenye umbo la bomba nene lililolala, feni nyuma na moto unaoonekana mdomoni. Kila moja ilikuwa ya kilowati 50 hivi. Hita za aina hii hazina bomba la moshi. Kila kinachozaliwa na moto ule kinasukumwa na feni kuingia chumbani, pamoja na joto lenyewe. Hapo ndipo kiini cha kisa kilipo.

Saa 9 alasiri nilipanda kukagua. Nailoni ya mashariki ilikuwa imeachwa wazi kwa chini, mwanya wa karibu nusu mita kwa urefu wa dirisha zima. Ya magharibi ilikuwa wazi kwa juu. Hewa ilikuwa inapita, unaisikia shingoni. Hita zilikaa sawasawa juu ya sakafu ya zamani kwenye kona, mitungi ilikuwa nje kwenye korido, kizimamoto kipo. Fomu ina swali: "Je, hewa ya kutosha inaingia?" Nikaweka alama kwenye ndiyo, nikaandika saa, nikatia sahihi. Lilikuwa jibu la kweli.

Saa 12 jioni hita zikawashwa. Zamu ya usiku ilikuwa ya fundi mmoja wa zege, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, na kibarua kijana wa kumsaidia.

Saa 2 usiku upepo ukageuka. Ukaanza kupiga moja kwa moja upande wa mashariki, nailoni ikatuna kama tanga na ncha yake ya chini ikawa inarushwa kuelekea kwenye hita. Fundi aliiona hatari hiyo na hakuikosea. Kanuni za ujenzi za OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, zinataka hita ikae angalau futi 10, yaani mita 3 hivi, kutoka kwenye turubai na vifuniko vingine vinavyoshika moto, na vifuniko vyenyewe vifungwe imara ili upepo usiviwashe wala usiiangushe hita. Fundi hakuwa na kitabu mkononi, alikuwa na akili ya kazi. Akachukua ubao, akaukandamiza mwanya wa chini kwa matofali. Nailoni ikatulia.

Saa 3 simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa zege, yuko nyumbani, hana amani na sakafu yake.

"Shikamoo mzee. Thamometa inasemaje huko?"

"Marahaba mwanangu. Nyuzi sita, na inashuka."

"Kaza hapo mzee wangu, isifike chini ya tano. Popote panapopitisha baridi, paziba."

Alikuwa hajui kwamba mwanya wa chini umeshazibwa. Fundi naye hakuona sababu ya kumwambia, kwa kuwa aliuziba kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya baridi. Kijana akapanda kwenye jukwaa, akauziba ule wa juu.

Kuanzia hapo chumba kikawa na joto zuri. Kijana aliniambia hivyo kwa maneno hayo hayo: "Kulikuwa na joto zuri, bosi. Tulifurahi."

Saa 4 moto wa hita mojawapo ukafifia. Kijana akatoka koridoni, akakuta mtungi umeota barafu kuanzia katikati kwenda chini. Akauingiza ndani na kuuweka karibu na hita upate joto. Hilo nitalirudia, maana ni ajali ya pili ambayo haikutokea.

Saa 4 na nusu kichwa kikaanza kumgonga. Akamwambia mzee. Mzee akajibu kwamba ni usingizi, aende nje akanawe uso. Alipotoka akahisi kichwa kinaachia ndani ya dakika kama kumi hivi, akarudi ndani akisema yuko sawa. Baada ya nusu saa kichwa kikarudi, safari hii na kichefuchefu. Mzee naye alikuwa anaumwa kichwa, ila hakusema. Baadaye aliniambia alidhani ni mafua yanamwingia.

Karibu saa 6 usiku mlinzi wa geti aliinua macho akaona nailoni ya ghorofa ya pili inang'aa rangi ya chungwa. Mwanzoni mwa usiku ilikuwa na mwanga hafifu wa kibuluu. Akadhani kumewaka moto, akapanda mbio. Alipofika hakuona moto wala moshi, ila kupitia nailoni aliona kivuli cha mtu amekaa ameegemea ukuta, na alipomwita hakugeuka. Akatoa kisu akaichana nailoni yote kabla ya kuingia. Nilimuuliza kwa nini hakupita mlangoni. Akasema alitaka kwanza aone ndani kuna nini. Ninaamini kuichana ile nailoni kuliokoa watu watatu, naye akiwa wa tatu. Kilichokuwa kimejaa mle ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, na wapo waokoaji wanaofia juu ya yule waliyekwenda kumwokoa.

Kijana alikuwa amekaa, macho wazi, hajibu. Mzee alikuwa amelala kifudifudi hatua chache kutoka kwenye ngazi. Alikuwa ameanza kutoka.

Pumzi za moto, kwa hesabu

Tukiitazama hita kama kifaa cha kutoa joto tu, kisa hiki hakieleweki. Hita ni kitu kinachopumua, tena kwa mapafu makubwa kuliko ya mtu.

Kilo moja ya propani ikiungua vizuri inataka hewa ya takribani mita za ujazo 13. Hita ya kilowati 50 inakula karibu kilo 4 za gesi kwa saa. Hita mbili, basi, zinahitaji kama mita 100 za ujazo za hewa mpya kila saa kwa ajili ya moto peke yake, kabla hujawahesabu binadamu. Chumba chetu kizima kilikuwa na mita 540. Kama kingekuwa kimezibwa kabisa kama chupa, oksijeni ingeshuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 17 ndani ya saa moja. Hakikuwa chupa. Mianya midogo ya ngazi na pembe za nailoni ndiyo iliyowafikisha saa 6 wakiwa hai.

Upande wa kinachotoka, kila kilo ya propani inatoa kilo 3 za kaboni dioksidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Hita zetu zilikuwa zinamwaga kilo 23 za kaboni dioksidi kila saa, na maji ya karibu ndoo nzima. Kijana alikumbuka kuwa nailoni ilikuwa inatiririka maji kwa ndani. Ukiona hivyo kwenye chumba chenye hita isiyo na bomba la moshi, chumba kinakuambia hewa haibadiliki. Ni ishara ya bure kabisa, na hakuna aliyewahi kutufundisha kuisoma.

Sasa, moto ukiwa na hewa ya kutosha hautoi sumu nyingi ya kaboni monoksidi. Shida inaanza pale feni ya hita inapovuta hewa ile ile iliyokwisha kutumika. Oksijeni inapungua, moto unakosa cha kumalizia kazi yake, na kaboni badala ya kwenda hadi mwisho inaishia njiani ikiwa kaboni monoksidi. Moto unaacha ubuluu, unakuwa wa njano au chungwa, unarefuka na kulegea. Hiyo ndiyo rangi aliyoiona mlinzi kutoka chini. Waliokuwa ndani hawakuiona ikibadilika, kwa kuwa ilibadilika polepole mbele ya macho yao.

Kuna swali nililoulizwa na karibu kila mtu: si hita ina kinga ya kujizima? Inayo. Kinga iliyoko kwenye hita kubwa za saiti ni ya kukata gesi pale moto unapozimika, ili propani isimwagike bila kuungua. Ni kinga nzuri na ya lazima. Lakini moto unaoungua vibaya bado ni moto, na kinga hiyo inauona upo, inaridhika. Baadhi ya hita ndogo za ndani zina kihisi cha oksijeni kinachozima kila kitu oksijeni ikishuka kufikia asilimia 18 hivi. Zetu hazikuwa za aina hiyo.

Na kibandiko je? Kilikuwepo, ubavuni, kimefunikwa na vumbi la saruji. Nilikifuta kwa kidole gumba nikakisoma: futi 3 za mraba za uwazi kwa kila BTU 100,000 kwa saa, yaani kwa kila kilowati 29 hivi za joto. Kwa hita zetu mbili hiyo ni takribani mita moja ya mraba ya uwazi usiofungwa, usiku kucha, hata kukiwa na baridi kali. Kipimo kilikuwa kwenye mashine yenyewe tangu mwanzo, na sisi kwenye fomu tulikuwa tunauliza kama hewa "inatosha".

Kichwa kinachoachia nje

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Inaingia kwenye damu na kuishika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Damu inaendelea kuzunguka kama kawaida lakini haibebi mzigo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na ndiyo maana watu huiita mafua, usingizi, au njaa.

Dalili inayotenganisha ni ile iliyomtokea kijana saa 4 na nusu: kichwa kinauma ndani, kinaachia nje, kinarudi ukirudi ndani. Ningependa kila anayefanya kazi karibu na hita aijue hiyo hata kama hatajua kingine chochote. Tena wakiwa wawili wanaumwa kichwa kwa pamoja, hapo hakuna cha mafua. Mzee alinyamaza. Angesema tu "hata mimi", pengine wangetoka wote.

Na nafuu ya nje inadanganya. Ukipumua hewa ya kawaida, inachukua saa 4 hadi 5 hivi kwa damu kutoa nusu ya sumu iliyobeba. Dakika kumi za kunawa uso zinatuliza kichwa, lakini kijana alirudi chumbani akiwa na karibu mzigo wote aliotoka nao, akaongezea juu yake. Kwa oksijeni safi ya barakoa muda huo unashuka hadi saa moja na kidogo. Ndiyo sababu mtu wa namna hii anapelekwa hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Hospitalini nako nilijifunza jambo. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kilimsomea mzee asilimia 98, namba ya mtu mzima wa afya. Vibanio vya kawaida haviwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Vyote ni vyekundu mbele ya taa yake. Ni mlinzi, aliyepanda nao gari la wagonjwa, aliyeng'ang'ania kusema "walikuwa na hita za gesi chumbani", na kwa neno hilo damu ikachukuliwa ikapimwa kwa mashine inayostahili. Ya kijana ilikuwa na asilimia 27 ya himoglobini iliyotekwa. Kwa hiyo ukimpeleka mtu, sema alikuwa wapi na kulikuwa na moto wa nini. Usingoje kuulizwa.

Wote wawili walitoka baada ya siku chache. Mzee, wiki ya tatu, akaanza kusahau. Alikuwa anaweka mwiko mahali na kuutafuta. Sumu hii inaweza kufanya hivyo, kurudi baada ya siku au wiki mtu akidhaniwa amepona, na madaktari waliendelea kumfuatilia. Alirudi kuwa sawa, polepole.

Mtungi ulioota barafu

Hapa nataka kutenganisha gesi mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya, kwa sababu zote huitwa "gesi".

Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inakaa kwenye mashimo na vyumba vya chini, na inaanza kulipuka ikifika asilimia 2 tu ya hewa. Imetiwa harufu makusudi ili uijue. Kaboni monoksidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa, inachanganyika kote, na haina harufu. Kijana aliniambia, "Hatukusikia harufu yoyote ya gesi, ndiyo maana hatukuogopa." Pua yake ilikuwa inalinda mlango mmoja, adui akaingia kwa mwingine. Na kulala chini sakafuni au kupanda juu hakusaidii kitu kwa kaboni monoksidi. Kinachosaidia ni kutoka nje.

Sasa ule mtungi. Propani ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke gesi inanyonya joto kutoka kwenye kuta za mtungi. Ukiivuta haraka kuliko hewa ya nje inavyoweza kurudisha joto, mtungi unapoa, unaota barafu, shinikizo linashuka na moto unafifia. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi au mitungi kadhaa iliyounganishwa ipasavyo, ili kila mmoja uvutwe kidogo kidogo. Kijana hakuwa na mitungi hiyo. Alikuwa na mtungi mmoja, moto unaokufa, na simu ya bosi masikioni. Akaisogeza ile chupa ya chuma karibu na hita, mahali inapopulizwa joto.

OSHA inataka mtungi uwe angalau futi 6 kutoka kwenye hita, karibu mita 2, na hita yenye feni isielekezwe kwenye mtungi ulio ndani ya futi 20, yaani mita 6. Mtungi ukipata joto, shinikizo linapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka na kumwaga propani, na hapa ingemwagwa futi chache kutoka kwenye moto. Nilipima kwa futi kamba: sentimita 80. Valvu haikufunguka. Sijui kueleza nilivyojisikia nikiwa nimechuchumaa pale na futi kamba mkononi.

Unga mweupe

Siku ya nne tukairudia sakafu yenyewe. Haikuwa imeganda. Thamometa haikushuka chini ya tano, maagizo ya msimamizi yalitimia. Nikachuchumaa nikaikwaruza kwa ufunguo. Ulitoka unga mweupe, laini kama chokaa, na mstari ukabaki. Nikapitisha kiganja, kikarudi cheupe. Kuelekea upande wa hita unga ulikuwa mwingi zaidi.

Ni ile ile kaboni dioksidi, kilo 23 kwa saa. Inapolikuta zege bichi linalotoa maji juu, inashikana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kuufanya uso wa sakafu kuwa kaboneti dhaifu inayopukutika. Mafundi wazoefu wa zege la baridi wanalijua hili, na ndiyo sababu wanakataa hita zisizo na bomba la moshi juu ya sakafu mbichi katika siku ya kwanza. Msimamizi wetu hakuwa analijua. Mimi pia sikuwa nalijua. Ilibidi tabaka la juu likwanguliwe lote na kumwagwa upya.

Niliketi na msimamizi juu ya matofali yale yale. Alikuwa hajasema mengi tangu siku ile. Akauchota unga kwa vidole akauangalia. "Nilikuwa naiokoa sakafu," akasema. Nikamwambia najua.

Hewa ilikuwa ya nani

Kila kitu katika chumba kile kilikuwa na mwenyewe. Zege lilikuwa la msimamizi, naye alipiga simu kulilinda. Moto ulikuwa wa fundi, naye aliilinda nailoni isiungue. Gesi ilikuwa ya kibarua, naye aliuhangaikia mtungi. Karatasi zilikuwa zangu, nazo zilikuwa kamili. Hewa haikuwa ya mtu. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwanya wa nailoni ni sehemu ya hita kama ilivyo regulata, kile kifaa cha kudhibiti shinikizo la gesi, na kwamba kuuziba ni sawa na kuifungua mashine na kuigeuza ndani.

Kibali changu ndicho kilichokuwa na kosa kubwa zaidi, na ninalisema bila kulizungusha. Kilikuwa picha ya saa 9 alasiri. Upepo ulipogeuka saa 2 usiku, picha ile ilikuwa imekufa lakini karatasi ilikuwa bado imebandikwa mlangoni, na kila aliyeiona aliamini mtu mwingine ameshalifikiria suala la hewa.

Tulichobadilisha kwanza ni mashine. Kwa kupasha chumba kilichofunikwa, sasa tunatumia hita inayokaa nje ya jengo, yenye bomba lake la moshi, ambayo moto wake umetenganishwa na hewa inayopashwa. Ndani inaingia hewa safi ya moto kupitia bomba pana la turubai. Inakula mafuta mengi zaidi, na hilo lilizua ubishi ofisini. Niliweka mezani ankara ya kukwangua sakafu. Ubishi ukaisha, ingawa ningependa uishe kwa sababu ya mzee na kijana.

Pale ambapo hita isiyo na bomba bado inatumika, kwenye kazi ya wazi wazi, kuna kipimo cha kaboni monoksidi kifuani mwa kila aliye zamu, na kingine kimetundikwa kwenye kimo cha kichwa. Kinalia kwenye sehemu 35 kwa milioni. Hicho ndicho kiwango cha wastani wa zamu kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani. Kikomo cha kisheria cha OSHA ni 50 kwa wastani wa saa 8, na Uingereza imekwenda chini zaidi, 20. Kengele ya pili inalia kwenye 200, na hapo hakuna mjadala wa zege: watu wanatoka, gesi inafungwa kutoka nje. Majiko ya mkaa na mapipa yaliyotobolewa ya kuchomea mabaki ya mbao hayaingii jengoni kabisa. Kwa hita za mafuta ya taa, mafuta hujazwa nje, hita ikiwa imezimwa na imepoa, kutoka kwenye dumu lisilowahi kubeba petroli.

Mwanya sasa una fremu. Ni fremu ya mbao ya mita moja ya mraba, imepigiliwa kwenye tundu la dirisha na kuwekewa wavu, haina nailoni, haina kifuniko cha kuifunga. Upepo ukizidi, kinachosogezwa ni hita.

Na fomu. Lile swali la ndiyo au hapana nililifuta. Mahali pake kuna mistari ya kuandika saa, namba iliyosomwa kwenye kipimo, na jina la mtu wa mwisho kugusa nailoni, kila saa moja hadi asubuhi. Kijana aliporudi kazini aliomba zamu ya usiku, nikasita, nikamkubalia. Asubuhi niliikuta karatasi mlangoni. Mstari wa tatu, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: SAA 2:15 USIKU. KIPIMO 4. NAILONI NIMEIGUSA MIMI, NIMEMPIGIA MSIMAMIZI.